Wazo Likikukuta Mwaloni

Gramu kumi za dhahabu zina ukubwa wa punje moja ya maharage. Zinaingia chini ya ulimi, ndani ya pindo la suruali, kwenye ufa wa kandambili. Ndiyo maana mtu aliyechuchumaa mwaloni, panapooshwa mchanga wa dhahabu, huko Matundasi, Itumbi au Makongolosi, mikono ndani ya beseni, anaweza kuwa ameshika mshahara wa miezi kadhaa kati ya vidole viwili, huku msimamizi amegeuka kupokea simu. Wazo huja hapo hapo. Halimfuati mlevi peke yake. Humjia pia mzee wa kanisa aliyeongoza ibada Jumapili, na humjia kwa sauti ya upole, kama ndugu anayemtakia mema.

Mwongozo huu ni wa Mkristo wa namna hiyo: anasali, anafunga inapobidi, na bado mawazo yanamwandama. Nitaizungumzia zaidi dhahabu kwa kuwa wilaya ya Chunya imeishi nayo tangu watafutaji walipomiminika Lupa miaka ya 1920, na mji wa Mbeya wenyewe ulianza mwaka 1927 kwa msukumo huo. Lakini mkulima wa tumbaku wa Lupatingatinga anayefikiria kuuza kwa jina la jirani ili chama chake cha ushirika, AMCOS, kisimkate mkopo wa pembejeo, kijana anayetaka kubeti ada ya mdogo wake, mume wa kambini ambaye mke yuko Tukuyu na mama lishe anamchekea vizuri, wote wamo humu.

Lililokujia si dhambi bado

Anza hapa, maana ukikosea hapa mengine yote yataharibika. Wazo kukujia si kosa. Waraka kwa Waebrania, sura ya 4, unasema wazi kwamba Yesu alijaribiwa kama sisi na hakutenda dhambi. Kama kujaribiwa kungekuwa dhambi, sentensi hiyo isingekuwa na maana. Yakobo naye, katika sura ya kwanza, anaeleza kwa hatua: tamaa inamvuta mtu, inashika mimba, ndipo inazaa dhambi. Kuna muda kati ya kuvutwa na kuzaa, na kazi yako yote iko ndani ya muda huo.

Katika karne ya 4, kwenye majangwa ya Misri, aliishi mtawa aitwaye Evagrius, aliyefariki mwaka 399. Alikaa akiyachunguza mawazo yanayowasumbua watu wa sala, akayapanga katika makundi manane: ulafi, uasherati, kupenda mali, huzuni, hasira, uvivu wa roho, majivuno na kiburi. Alifundisha kwamba hatuwezi kuamua yasitujie. Tunachoweza kuamua ni kama yatakaa au hayatakaa. Miaka zaidi ya elfu moja na mia sita imepita na sijaona mtu aliyelisema jambo hili vizuri zaidi.

Nalisisitiza kwa sababu kuna mahubiri yanayofanya kinyume. Mhubiri anashika Mathayo 5:28, anapiga meza, na kijana anatoka kanisani akiamini kwamba kwa kuwa wazo lilimpitia ameshazini, basi kilichobaki ni kumalizia tu. Yesu pale anamzungumzia anayetazama kwa makusudi ya kutamani, yaani aliyechagua kuendelea kutazama. Aliyeona, akashtuka na kugeuza uso hajafanya hilo. Usijihukumu kwa mlango kubishwa. Jihukumu kwa kufungua.

Hesabu za Akani

Soma Yoshua 7. Yeriko imeanguka, Mungu amekataza mtu kuchukua chochote, na Akani mwana wa Karmi anaona vazi zuri la Shinari, shekeli mia mbili za fedha, na kipande cha dhahabu cha shekeli hamsini. Kwa vipimo vyetu kipande hicho kilizidi nusu kilo. Anapokuja kukiri, Akani anataja matendo yake kwa mpangilio ambao mchimbaji yeyote ataufahamu: aliona, akatamani, akachukua, na vitu vikafukiwa ardhini ndani ya hema. Kuona hakukuwa na ubaya, alikuwa kazini. Mambo yaliharibikia kati ya kuona na kutamani, na hapo ndipo panapohitaji kuchunguzwa.

Nini hutokea pale? Hesabu. Wazo la dhahabu halikuambii uibe. Lingekuambia hivyo ungelikataa. Linaanza kuhesabu: bati za nyumba uliyoiacha kwenye renta, ada ya kidato cha kwanza, deni la dukani, koti la mama. Vyote ni vitu vizuri. Ukifika kwenye koti la mama umeshatamani, na mkono unafuata wenyewe. Kwa hiyo alama ya kwanza ya hatari si wazo lenyewe bali ni kujikuta unapiga hesabu ya pesa ambayo si yako. Ukijikamata unahesabu, simama hapo. Huhitaji kujua hesabu ingeishia wapi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, maana mara nyingi ina ukweli ndani yake: mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, ananidhulumu. Mlikubaliana mgao wa mifuko, mawe yalipotoka akaleta gharama za mafuta, baruti na chakula ambazo hamkuzisikia mwanzoni. Umefanya kazi chini ya ardhi kwa wiki nyingi, na kilichokufikia hakitoshi nauli. Sasa unaishika dhahabu yake na wazo linakuambia hii ni haki yako tu, unajilipa.

Ndugu yangu, tenganisha kesi hizi mbili. Dhuluma uliyofanyiwa ni kesi halisi, na Mungu wa Biblia anaijali: Yakobo 5 inawakemea vikali wanaozuia ujira wa vibarua. Idai hadharani. Kabla ya kushuka duarani tena, omba makubaliano ya mgao yaandikwe na gharama zitajwe, mashahidi wawepo wa pande zote mbili, mifuko ihesabiwe mbele ya wote. Ukikwama, nenda kwa uongozi wa wachimbaji wa eneo lako au ofisi ya madini. Lakini ukijilipa kwa siri umeichoma kesi yako mwenyewe; siku utakayoilalamikia dhuluma utajibiwa kwa wizi wako. Nimeona hoja ya dhuluma ikiwaangusha watu wema kuliko tamaa ya kawaida, kwa sababu inawaruhusu kuiba huku wakijiona ni wapigania haki.

Wanunuzi wa pembeni nao wana hoja ya namna hiyo: kwamba serikali itakula yote, bora umuuzie broka gizani. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Mwaka 2019 wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na mwaka huohuo Chunya ikapata soko lake la madini. Sokoni utakatwa mrabaha na makato mengine, lakini unaondoka na karatasi inayoonyesha uzito na bei. Karatasi hiyo ni kinga ya kiroho pia: dhahabu iliyoandikwa ni ngumu kuidanganyia mwenzako.

Jibu fupi, kisha ondoka

Linganisha mazungumzo mawili. Katika Mwanzo 3 Hawa anaulizwa swali, anajibu, anaeleza, anarekebisha, na kadiri anavyoongea ndivyo tunda linavyozidi kupendeza. Katika Mathayo 4 Yesu, mwenye njaa ya siku arobaini, anajibu mara tatu kwa Neno, kila jibu sentensi moja au mbili, wala haanzishi mjadala. Angeweza kujadiliana, hakuna aliyejua Maandiko kumzidi. Hakujadiliana.

Fanya hivyo. Siku ambayo akili imetulia, si siku ya jaribu, kaa na daftari. Andika mawazo matatu yanayokurudia wewe, siyo ya jirani yako. Kwa kila moja tafuta mstari mmoja wa Biblia unaolijibu moja kwa moja, uukariri. Evagrius aliwafanyia watawa kazi hii: aliandika kitabu kizima cha mafungu ya Maandiko, karibu mia tano, yakiwa yamepangwa kwa yale makundi manane ili kila wazo liwe na jibu lake. Wewe matatu yanakutosha. Kwa tamaa ya mali, Mithali 30:8–9, sala ya mtu anayeomba asiwe maskini wala tajiri, ni dawa nzuri kwa mchimbaji. Kwa macho, Ayubu 31:1. Kwa anayeona jaribu lake limezidi la watu wote, 1 Wakorintho 10:13.

Wazo likija, sema mstari wako kwa sauti ya kusikika masikioni mwako. Kama ulizaliwa ukisema Kibungu, Kisafwa au Kinyakyusa, useme kwa lugha hiyo. Mtu hujidanganya kwa shida katika lugha aliyokemewa nayo na mama yake. Wamoravian, ambao mwaka 1891 walifika Rungwe na leo wana sharika nyingi katika nyanda hizi, wana desturi inayosaidia: kila siku ina neno lake la Biblia, desturi iliyoanza Herrnhut nchini Ujerumani na kuchapwa kitabu kwa mara ya kwanza mwaka 1731. Ukisoma neno la siku alfajiri kabla ya kwenda mwaloni, saa tano halitakuwa geni kinywani.

Kisha ondoka. Hapa watu wengi wa sala hukosea, wanabaki palepale wakikemea. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, aliwaambia watu wakae dakika tano bila kumfikiria dubu mweupe na wapige kengele kila anapowajia. Kengele zililia, na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, alikuwa akiwajia zaidi kuliko kwa wale ambao hawakuzuiwa mwanzoni. Kulisukuma wazo kwa nguvu ya akili ni njia nyingine ya kulishikilia. Kwa hiyo likishajibiwa, ipe mikono kazi. Mwaloni, mwite mwenzako aje mtazame beseni pamoja. Kambini, vaa viatu utoke. Yusufu katika Mwanzo 39 hakumhubiria mke wa Potifa wala hakubaki kupima nguvu zake. Alikimbia akaacha vazi, na lile vazi likamletea kesi na gereza. Kuondoka kunaweza kukugharimu. Ondoka hivyohivyo.

Siku ya mgao hupangwa kabla

Usiitake sala ifanye kazi ya kufuli. Mungu amekupa akili ya kufunga mlango mapema, na kuomba ulinzi huku umeuacha wazi ni kumjaribu yeye.

Siku ya mgao ndiyo siku mawazo yote manane huamka kwa pamoja. Kabla haijafika, amua kiasi kitakachokwenda nyumbani na kiasi cha kikundi cha kuweka na kukopa. Pesa ikiingia kwenye simu, itume kabla hujaondoka pale ulipolipwa, kabla ya soda, kabla ya kusalimiana na mtu. Kilichobaki mfukoni kiwe cha kula na nauli. Usibebe fedha taslimu usiku kwenye kambi yenye baa mbili. Kama shida yako ni kubeti, futa programu kwenye simu, na laini yenye pesa ishikwe na mke wako au dada yako. Mwanamume atasema hiyo ni aibu. Aibu ya kuomba elfu tano kwa mke ni ndogo kuliko ya kumweleza ada imekwenda wapi.

Dhahabu ikikamatishwa na kuchomwa, wawepo watu watatu. Hiyo humlinda anayechoma kuliko inavyomlinda mwenye mali. (Na moshi wa zebaki usiuvute, tumia kifaa cha kukusanya mvuke na kaa mbali na chakula na watoto. Si mada yetu, lakini mwili ni hekalu kwa habari ya zebaki pia.)

Angalia na saa. Evagrius alieleza pepo wa adhuhuri, uvivu wa roho, kwamba humvamia mtawa tangu saa nne hadi saa nane, akalifanya jua lionekane limesimama. Saa zake zilihesabiwa tangu mapambazuko, kama zetu, kwa hiyo huna haja ya kugeuza chochote. Ni saa zilezile unapokaa kwenye foleni ya karasha la kusagia mawe Makongolosi, joto limepanda, mifuko yako ni ya kumi, na simu iko mkononi. Mikeka mingi hubetiwa hapo, na picha chafu hufunguliwa hapo. Nenda na kitu cha kufanya: daftari la hesabu zako za kweli, Agano Jipya dogo, au mazungumzo na mtu. Ukiona wazo limekuja na nguvu isiyo ya kawaida, jiulize kwanza kama umekula na ulilala saa ngapi. Eliya, 1 Wafalme 19, alipoomba afe, malaika hakumpa somo. Alimlisha mkate, akamwacha alale, akamlisha tena.

Wewe uliyeacha familia mbali, nenda nyumbani mara nyingi zaidi. Barabara ya Mbeya hadi Chunya ni lami sasa, kilomita zipatazo 70, na hoja ya kwamba mlima wa Kawetere haupitiki imekwisha. Jaribu la mke wa mtu hukua pale ambapo wako umemgeuza kuwa sauti ya kwenye simu.

Duara likikauka

Jaribu la aliyepata ni rahisi kulitambua. La aliyekosa linajificha. Mmechimba, mmekopa, jirani mita ishirini amepata na nyie mnatoa mawe matupu. Jioni mmoja anasema tuchange, kuna mzee, anajua. Mkristo anachanga kwa sababu hataki kuonekana anawaroga wenzake.

Jua jambo la dunia hii kwanza: dhahabu ya Lupa hukaa kwenye mishipa ya mawe meupe ya kwazi inayopinda, kukatika na kunenepa bila taarifa. Jirani kupata na wewe kukosa ndiyo tabia ya mwamba huo. Hakuna aliyekufunga. Mtaalamu wa miamba au kupima sampuli maabara kutakusaidia kuliko kuku mweusi, na kukiri kwamba duara limekwisha ni ujasiri wa aina yake.

Pia usihamishe uganga kanisani. Mafuta, chumvi au kitambaa kinachouzwa na mtu mwenye suti ili duara litoe ni jaribu lilelile la kumlazimisha Mungu, ila limevaa tai. Simoni wa Samaria, Matendo 8, alitaka kununua nguvu za Roho kwa fedha na Petro alimjibu kwa ukali.

Wivu kwa jirani uutibu kwa miguu: nenda ukampongeze, na umuombee kwa jina lake. Siku ya kwanza utaona unaigiza. Endelea.

Mtu mmoja anayejua

Yakobo 5:16 inataka tuungamane. Wakatoliki wana kitubio. Wengine wana mchungaji au mzee wa kanisa. Kwa vyovyote, awepo mtu mmoja anayejua wazo lako kwa jina lake halisi. Asiwe anayekudai wala unayemdai, asiwe bosi wako, na awe mtu uliyewahi kumsikia akitunza siri ya mwingine. Kama wewe ni mwanamke, awe mwanamke. Usimwambie kwa mafumbo kuwa una vita vya kiroho. Mwambie: jana nilitaka kuchukua dhahabu ya fulani. Mwambie wazo likiwa bado wazo. Wengi hungoja mpaka liwe tendo, na hapo huwa na sababu mpya ya kunyamaza.

Kama umeshaanguka, rudisha. Zakayo katika Luka 19 aliahidi mara nne. Wewe anza na ile uliyochukua. Usiende peke yako, kwani migodini mtu anayekiri wizi mbele ya kundi anaweza kupigwa. Pitia kwa mchungaji au mzee anayeheshimika pande zote, yeye apeleke au akusindikize.

Wazo lisilo jaribu

Kuna mawazo ambayo mwongozo huu hauyawezi. John Bunyan, mwandishi wa kitabu kinachojulikana kwetu kama Safari ya Msafiri, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1666 jinsi alivyosumbuliwa kwa muda mrefu na sauti ya ndani ikimhimiza amuuze Kristo. Hakuwa anatamani, alikuwa anatetemeka kwa hofu. Kama una wazo la kumtukana Mungu au kumdhuru mtoto wako, unalichukia, na linarudi mara nyingi kwa siku mpaka unarudia sala ileile ili kulifuta, hilo si tamaa. Ni ugonjwa unaojulikana na una tiba. Nenda hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ueleze hivyohivyo. Kumeza dawa si kupungukiwa imani.

Mlevi wa muda mrefu anayetetemeka asipokunywa asiache ghafla kwa kiapo cha madhabahuni. Mwili unaweza kuingia degedege. Aache akiwa chini ya mganga wa hospitali, na maombi yaendelee. Na yule ambaye duara limemla mtaji akaanza kufikiria kufa, asingoje Jumapili. Mwambieni aseme leo, na wewe utakayeambiwa usimwache alale peke yake usiku huo.

Luka anamaliza habari ya jangwani, 4:13, kwa kueleza kwamba Ibilisi aliondoka kwa muda tu. Kwa hiyo daftari lako lifunguliwe upya kila msimu. Masoko ya tumbaku yakikaribia kufunguliwa, au mtu akipiga kelele kwamba kuna mfumuko mpya na vijana wanapanda bodaboda kuelekea huko, kaa tena jioni moja na mtu wako, muangalie mawazo matatu yamekuwa yapi sasa. Huenda la dhahabu limepoa, na la kiburi cha kutokuiba limechukua nafasi yake.